Picha Isiyoletwa Mkononi Haichapwi

Tarehe 28 Novemba mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Dada Aurelia Nombo, mpiga picha wa jarida letu la Ngolo, anakabidhi kamera na kustaafu. Aliajiriwa akiwa kijana wa Matiri aliyetoka kumaliza mafunzo ya picha Songea, na anaondoka akiwa bibi mwenye wajukuu, magoti yakilalamika kila gari linapoanza kuteremka kwenda ziwani. Sherehe itafanyika katika ukumbi wa ofisi hapa Mbinga, kuanzia saa nane mchana. Wageni wote wanaombwa wasimpige picha kabla ya kumsalimia.

Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Joakim Kapinga, msaidizi wa mhariri, kwa sababu nimetembea naye kuliko mtu mwingine yeyote ofisini isipokuwa dereva wetu Methodi, na Methodi amesema yeye kalamu haimtaki. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Hapa ofisini naitwa Bwana Itakuwaje, na jina hilo sikulipata bure. Wasifu huu wenyewe nimeuandika mara mbili, mmoja mfupi wa kuchekesha na mwingine ndio huu, na mpaka juzi sikujua upi utakwenda kwa mchapaji. Hata nafasi ya picha yake juu ya ukurasa ilikuwa bado wazi, kwa sababu hajaileta, na kwa kanuni yake mwenyewe picha isiyoletwa mkononi haichapwi. Nitaeleza kanuni hiyo ilikotoka, maana ndiyo kazi kubwa aliyoifanya, ingawa yeye anaiita kosa lake kubwa.

Kwa wasomaji wageni, Ngolo ni jarida dogo la kila mwezi la Umoja wa Wakulima na Wavuvi wa Milima na Ziwa. Linabeba bei za kahawa, habari za mbegu za mahindi, habari za mialo ya kushushia samaki, na picha za watu wakiwa kwenye shughuli zao. Watu wengi hununua kwa ajili ya picha. Mhariri hapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kupata picha hizo hakujawahi kuwa jambo jepesi. Kwetu mtu anayezunguka na kamera barabarani ni wa kutiliwa shaka, na wanaomshuku wana sababu. Mjini wanadhani amekuja kupiga picha nyumba zitakazowekewa alama ya X ili zibomolewe kupisha barabara. Ziwani wanadhani ametumwa na watu wa doria kutafuta nyavu zenye matundu madogo. Vijijini wapo wanaosema sura ya mtoto ikishachukuliwa, mtoto hana kinga tena. Siku hizi wengine wanaogopa kwamba kabla hujafika nyumbani sura yako itakuwa imeshazunguka kwenye simu za watu, na chini yake wameandika maneno usiyoyajua. Nikiwa naye njiani niliyaona macho hayo yote, na kila mara nilianza kutafuta kwa macho njia ya kukimbilia.

Dada Aurelia hakukimbia. Kwanza, hakuweka kamera kwenye mkoba hata siku moja. Alisema kamera iliyofichwa ndiyo inayotisha, kwa hiyo yake ilining'inia kifuani mchana kweupe, na yeye akavaa kitenge cha njano ili aonekane tangu mwisho wa soko. Pili, alianza na mkubwa. Tukizungukwa na vijana wa stendi, mimi jasho likinitoka, yeye aliuliza nani kati yao ni kaka mkubwa, akamwamkia, akaeleza anatoka jarida gani na picha inakwenda wapi. Ghadhabu ya watu wengi ikishapewa msemaji mmoja hupungua, nami sikuijua siri hiyo mpaka nilipomwona akiitumia.

Halafu kulikuwa na mfuniko. Akishasalimia, alivua mfuniko wa lenzi akamkabidhi yule atakayepigwa picha, aushike yeye. Maelezo yake yalikuwa mafupi: ukichoka, nirudishie nifunge. Mtu aliyekuwa amekunja uso akajikuta ameshika kitu cha mpiga picha mkononi, kama mwenye nyumba aliyeshika ufunguo wa mlango wake. Wengi walitulia hapo hapo. Bibi Scholastica wa Matiri alitulia kupita kiasi, akaondoka nao, maana ulikuwa umelingana sawasawa na kopo lake la ugoro. Kwa misimu miwili lenzi ya ofisi ilivaa soksi ya mtoto, na Dada Aurelia alikataa kabisa kwenda kuudai. Alisema bibi hajasema amechoka.

Kwa wavuvi alikuwa na adabu nyingine. Akifika mwaloni, kabla ya lolote aliwapa mgongo. Alisimama akitazama milima mpaka mtu mmoja aseme wako tayari, na nyuma yake unasikia watu wanakimbizana, vitu vinaburutwa, maturubai yanafunikwa. Mimi nilimwambia kwamba kwa njia hiyo tunasaidia uhalifu. Alijibu kwamba yeye hakuajiriwa kuhesabu matundu ya nyavu, ameajiriwa kupiga picha watu, na mtu mwenye hofu hatoki vizuri kwenye picha.

Mjini Mbinga wanamkumbuka kwa habari ya Fundi Erasmo, fundi cherehani wa barazani. Siku moja Dada Aurelia alipiga picha ya baraza lile kwa mbali, bila kuongea na mtu, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Kesho yake mstari mzima wa maduka ulikuwa umeshusha mabango na kufunga milango, wakingoja tingatinga. Alirudi na picha iliyosafishwa, Erasmo ameinama juu ya cherehani, miwani puani, na nyuma yake nguo za harusi zimetundikwa. Erasmo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kichwa chake ni kikubwa hivyo kweli. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyeuliza yule mama wa kitenge cha njano ni nani, Erasmo ndiye aliyemjibu.

Habari ile ndiyo iliyomfanya aanzishe kamba. Aliona kwamba watu hawaogopi kupigwa picha kama wanavyoogopa kutojua picha imekwenda wapi. Kwa hiyo kabla ya jarida kwenda kwa mchapaji, alirudi pale pale alipopigia picha siku ya mnada au ya soko, akafunga kamba ya nguo kati ya nguzo mbili, akaanika picha zote kwa vibanio. Kanuni ilikuwa moja: ukiona sura yako na hutaki ichapwe, itoe, uende nayo, ni yako. Zitakazobaki kwenye kamba mpaka jioni, ndizo za jarida.

Nyie mlio nje ya kazi hii hamjui mateso ya mwanzo wa mwezi. Kigonsera waliwahi kutoa picha zote, ikabaki ya ng'ombe. Matiri walizitoa zile nzuri kwa sababu ni nzuri, wakatuachia zenye macho yaliyofumba. Mhariri alipiga meza. Mimi nilikaa chini ya kamba nikitazama kila mkono unaoinuka, nikiomba usiguse ile ya jalada. Dada Aurelia alifurahi tu. Aliniambia nisitazame mikono, nitazame nyuso za wanaoondoka na picha zao, kama kuna hata mmoja mwenye hofu.

Sasa nafika kwenye kisa cha Liuli. Yeye mwenyewe ameagiza kiandikwe, na amesema kama wasifu utakuwa wa sifa tupu basi sherehe tufanye wenyewe, yeye atakuwa shambani. Nilimjibu kwamba kisa hicho si chake peke yake, kina mwenyewe, na mwenyewe lazima aulizwe. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito aliyepata jibu kwa mara ya kwanza. Akatuma ujumbe Liuli kupitia mama lishe wa mwaloni aitwaye Glorious. Wiki zikapita bila jibu. Aya zinazofuata niliziandika bila kujua kama zitachapwa, na ndiyo maana mwanamke ninayemzungumzia nimemwita mama wa usipa.

Ilikuwa mwaka 2011, msimu wa kahawa, Julai yenye baridi. Dada Aurelia alikuwa amepiga picha mwaloni Liuli, na kati ya picha hizo moja ilizipita zote kwa uzuri. Ilikuwa ya mwanamke aliyesimama kwenye kichanja cha kuanikia usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, ndoo ya bluu kiunoni, uso umeinuka kulitazama jua linalotoka. Alikuwa ameshika mfuniko wa kamera mkono wa kushoto, na kwenye picha unaonekana. Alikubali kupigwa. Baadaye tulijua kwamba alidhani ni picha ya kupewa, kama zile za wapiga picha wa sikukuu. Hakujua habari ya jarida.

Tulirudi na kamba yetu. Dada Aurelia alitangaza kanuni asubuhi, lakini alitangaza wakati mitumbwi inaingia, na mtumbwi ukiingia hakuna Mliuli mwenye masikio ya kitu kingine. Tukaanika. Watu wakaja, wakatazama, wakacheka, wakaitana. Jioni tulikuta kitu ambacho hatukuwahi kukiona: hakuna picha hata moja iliyotolewa. Kamba imejaa kama tulivyoiacha. Tulirudi Mbinga tunaimba garini. Dada Aurelia alisema watu wa ziwa wana mioyo mipana kuliko sisi wa milimani, na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na wasiwasi. Picha ya mama wa usipa ikaenda kwenye jalada.

Asubuhi ambayo jarida lilikuwa linatoka Songea kwa basi, simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Glorious. Aliuliza kwa sauti ya chini kama yule mwanamke wa ndoo ya bluu yumo kwenye gazeti. Dada Aurelia, kwa furaha, akamwambia hayumo ndani, yuko mbele kabisa.  Kisha Glorious akaeleza, na mimi niliyekuwa nimeketi mbele ya Dada Aurelia niliona furaha ikimtoka usoni.

Mama wa usipa hakuwa mtu wa Liuli. Alikuwa ameolewa Matiri. Mumewe alikuwa amemvunja mkono mara moja, na mara ya pili akaapa kwamba mkewe akimtoroka atamtafuta mpaka ampate, na hatarudi naye akiwa hai. Alitoka na watoto wawili, akateremka mpaka ziwani mahali ambapo hakuna anayemjua, akajifunza kazi ya usipa. Siku ya kamba aliiona sura yake imening'inia. Alitaka kuitoa. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Matiri aliyekuja kununua usipa alikuwa amejikinga jua pale pale kwenye nguzo yetu, na katika kamba nzima hakukuwa na mtu aliyegusa kitu. Mkono wake ungekuwa mkono pekee. Alijifunika kanga kichwani, akaondoka, na tangu siku ile hakuwa amerudi kwenye kichanja. Watoto alikuwa amewatoa shule.

Na kwa nini hakukuwa na aliyegusa? Glorious alilisema hilo kwa kupita tu, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Watu walidhani ni biashara. Mgeni amekuja na mali yake, ameianika kama nguo za mtumba, hajataja bei, utaichukuaje? Kutoa kitu kwenye kamba ya mgeni ni wizi. Mzee Hamphrey, mkubwa wa mwalo, alikuwa hata amewakanya vijana wasiziguse kwa vidole vyenye mafuta ya samaki. Heshima yao ndiyo tuliyoiimbia garini.

Dada Aurelia aliweka simu chini. Nilitegemea alie. Alisimama, akampigia mchapaji, akaambiwa vifurushi vimeshapakiwa na basi limeondoka. Akachukua ufunguo wa gari ukutani akamrushia Methodi. Mimi nilijitosa nyuma ya gari bila kuambiwa, nikiuliza itakuwaje, itakuwaje, mpaka Methodi akaniomba ninyamaze ili aione barabara.

Tulilikuta basi Kigonsera, limekwama kwa pancha. Vifurushi vya Mbinga na vya ziwani vilikuwa juu ya keria, tukavishusha huku kondakta akinung'unika. Lakini kifurushi cha Kigonsera kilikuwa kimeshafika dukani kwa Ildefonsi, wakala wetu, mtu mwenye bidii kupita kiasi, na alikuwa ameshakigawa. Ndipo nilipomwona Dada Aurelia akiifanya kazi yake kinyumenyume. Mtu aliyezoea kuwaomba wageni sura zao, sasa alikuwa anapita mlango hadi mlango kuwaomba wageni warudishe sura ya mtu mwingine. Na hakuweza kusema sababu, maana sababu ndiyo hiyo hiyo iliyotakiwa isijulikane. Watu walikunja nyuso. Waliuliza kuna nini kwenye jarida, kuna mtu amekufa, kuna uongo wa serikali? Aliwaamkia mmoja mmoja, akawaambia kwamba amefanya kosa katika kazi yake, na anawaomba wamsaidie kulirekebisha. Hakusema zaidi. Wakampa. Mama mmoja alikuwa ameshafunika dumu la maziwa kwa ukurasa wa kwanza, akaufunua, akaukung'uta, akampa.

Tulipokuwa tunapumua, Ildefonsi akatuletea habari njema. Kwa kutaka kutusaidia, alisema, kifurushi cha Matiri amekituma mapema na gari la wanunuzi wa kahawa. Kitakuwa kimeshafika. Alisimama akingoja tumshukuru.

Safari ile ya kwenda Matiri sitaisahau. Vumbi, kona, ukungu kwenye vilele, na mimi nikiona kwa macho ya akili yangu jarida likifunguliwa mezani kwa mtu.  Kamera ilikuwa kifuani mwa Dada Aurelia, naye aliifunika kwa viganja vyote viwili kama anayeogopa isije ikaona kitu.

Ghala la kahawa la Matiri lilikuwa limejaa watu. Ilikuwa siku ya mizani. Karani wa ghala, Elias, ndiye aliyekuwa akitugawia jarida pale, na kwa miaka tulikuwa tumemlalamikia mpaka tumechoka. Jarida la Julai Elias aliligawa Agosti. Mhariri alikuwa ameapa kumfuta. Tuliingia, tukatazama mikono ya watu, hakuna aliyeshika jarida. Tukatazama meza, hakuna. Mwisho Methodi akaninyooshea kidole chini. Elias alikuwa amekalia kifurushi. Kiti chake kilikuwa kimevunjika mguu, kifurushi kikampa urefu mzuri wa kufikia mizani, kamba zake bado zimefungwa kama zilivyotoka Songea. Nilimpenda Elias siku ile kuliko ndugu zangu wa damu.

Dada Aurelia akamwomba anyanyuke. Elias akasema amalizie watu wawili. Akaita jina la anayefuata mizani, na lile jina lilikuwa ni lile la mume ambalo Glorious alilitaja kwenye simu.

Alitoka kwenye foleni mwanamume wa makamo, nadhifu, kofia mkononi. Akatuamkia vizuri. Akapima kahawa yake bila kugombana na mtu, kisha Elias akainuka na Dada Aurelia akainama kuchukua kifurushi. Kilikuwa kizito, kikamponyoka. Yule mwanamume akasema, "Pole dada, acha nikusaidie." Akakiinua, akakiweka begani, akakibeba mpaka kwenye gari letu. Uso wa mkewe ulikuwa ndani ya karatasi ile, kando ya sikio lake.  Dada Aurelia alitembea nyuma yake hatua kwa hatua, na alipokiweka garini alimwambia asante, baba, na Mungu akusaidie. Mpaka leo nasema ile ilikuwa sala ya kweli, ingawa sijui alikuwa anamwombea nani.

Toleo lile lilichapwa upya, likiwa na mahindi kwenye jalada. Dada Aurelia hakungoja litoke. Aliteremka Liuli, akamtafuta mama wa usipa kule alikojificha, akampa picha yenyewe, akafuta nakala ya kwenye kamera mbele yake, akamwomba msamaha. Najua kwa sababu nilikuwepo, nimesimama kando kidogo pamoja na Mzee Hamphrey, ambaye alirudia mara kadhaa kwamba laiti wangejua si biashara. Baada ya mwezi watoto walirudi shule.

Tangu hapo kanuni iligeuzwa. Picha zinaanikwa kama zamani, lakini inayobaki kwenye kamba haichapwi. Inayochapwa ni ile ambayo mwenye sura ameitoa mwenyewe akaileta mkononi kwa Dada Aurelia na kusema ichapwe. Anayenyamaza hajakubali, huenda kuna mtu amesimama kwenye nguzo. Mhariri alilia kwamba sasa hatutapata picha kabisa, na nusura iwe kweli. Liuli mtu wa kwanza kuleta picha alikuwa Mzee Hamphrey, na kwa miezi kadhaa alikuwa wa pekee. Wasomaji wa wakati ule watakumbuka majalada yale: Mzee Hamphrey na kasia, Mzee Hamphrey na mbuzi, Mzee Hamphrey ametazama kulia. Taratibu wengine wakaja. Leo kuna siku foleni ya watu walioshika picha zao inazidi ile ya mizani ya kahawa.

Amefundisha vijana wengi kazi hii, na wote wanawapa wavuvi mgongo kwanza. Amepata cheti cha mfanyakazi bora, ambacho amekitundika jikoni. Hayo yote ningeyaeleza kwa urefu, lakini mimi niliandika mpaka hapa nikaweka kalamu chini, kwa sababu jibu la Liuli lilikuwa bado. Nilikuwa nimeshamwambia mhariri kwamba twende na ule wasifu mfupi, wenye soksi na ugoro, tusije tukamfanyia mama wa watu kosa lile lile mara ya pili, tena kwenye sherehe.

Juzi asubuhi, mchapaji akiwa ameshapiga simu mara mbili, mlango wa ofisi ulifunguliwa akaingia mama mmoja aliyeshuka kwenye basi la kutoka ziwani, nywele zimeanza kuwa na mvi, amevaa kitenge cha sherehe. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, nikamwuliza nimsaidie nini. Hakukaa. Alisema amekuja kwa mama wa picha. Nilipouona mkono wake wa kushoto, ambao hauwezi kunyooka vizuri kwenye kiwiko, nikasimama.

Dada Aurelia aliitwa kutoka chumba cha nyuma. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakiulizana habari za watoto na wajukuu, kama desturi inavyotaka, wakati mimi roho ilikuwa juu. Kisha mgeni akafungua kitambaa, akatoa picha iliyoanza kuwa na manjano pembeni: kichanja, ndoo ya bluu, uso kwenye jua. Nilinyoosha mkono kuipokea. Akaupita mkono wangu, akaiweka kiganjani mwa Dada Aurelia, akasema ichapwe. Na jina liandikwe lote.

Bwana Itakuwaje hakuweza kujizuia. Nilimwuliza kuhusu yule wa Matiri. Nilimwambia hati ya talaka aliyokuja kupewa na mahakama ni karatasi tu, na jarida linafika Matiri, na Elias amestaafu, na karani wa sasa anagawa siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Yupo," alisema. "Na mimi nipo."

Dada Aurelia alilia, na mimi pia, na mhariri akaenda kutazama kitu dirishani.

Dada, tunakushukuru kwa nyuso zote ulizotuletea, na zaidi kwa zile ulizokataa kutuletea. Nenda ukapumzike Matiri kwenye migomba yako. Tunakuombea afya, wajukuu wanaotulia, magoti yasiyolalamika, na kila njia utakayopita watu wakuone kwa mbali na wasigeuke. Picha yako hukuileta, kwa hiyo kanuni imefuatwa na haimo. Iliyo juu ya ukurasa huu ni ya Getrude Ndimbo, mwanikaji na muuzaji wa usipa, Liuli. Ameileta mwenyewe.